Sahani Zilizorudi Zimejaa

Kwetu mwanamke haingii katika chumba cha kijana aliyetahiriwa. Anapika, anabeba chakula hadi kwenye jiwe lililowekwa alama, anaita mara moja, kisha anageuka na kurudi jikoni bila kutazama nyuma. Baadaye mtu huleta vyombo hapo hapo jiweni. Kwa hiyo mambo ya Desemba ile niliyajua kwanza kwa sahani.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amemaliza mitihani mwezi wa kumi na moja, akingoja kuingia sekondari Januari. Alikuwa mtoto wa maneno machache na chakula kingi. Mama yake, mkamwana wangu, alizoea kumwambia, "Ungekuwa msichana, mumeo angekurudisha kwetu kwa kummalizia unga," naye anacheka tu na kusogeza sahani aongezwe.

Alitahiriwa asubuhi katika zahanati, kwa sindano ya ganzi, na tabibu aliyevaa glavu. Nilimshukuru Mungu kwa sindano ile, maana nakumbuka jinsi kaka zangu walivyopelekwa mtoni kwenye baridi. Lakini baada ya zahanati mila iliendelea pale pale ilipokuwa imeachwa. Kijana aliwekwa katika chumba cha mabati upande wa chini wa shamba letu, karibu na safu za muguka, lile jani la kutafunwa, akae humo wiki tatu apone, na afundishwe utu uzima na kijana aliyemtangulia. Huyo tunamwita mlezi.

Mlezi nilimchagua mimi. Baba wa mtoto, yaani mwanangu, anafanya kazi ya ofisi mjini Embu na huja nyumbani Jumamosi, kwa hiyo aliniachia neno. Nilimchukua kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiimba besi katika kwaya yetu. Nilimfundisha darasa la kipaimara mimi mwenyewe. Nilijiambia kwamba mjukuu wangu yuko katika mikono ya kanisa.

Wiki ya kwanza sahani zilirudi zimelambwa. Tulipeleka uji wa wimbi asubuhi, ndengu na chapati mchana, githeri ya mahindi na maharagwe jioni, na mara mbili nyama. Vyombo vilirudi vikavu. Mkamwana wangu aliviinua juu na kusema, "Mama, tazama, hata sabuni haihitajiki." Tulicheka. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye mzigo wake umefika salama.

Sasa inanibidi niseme mimi ni nani, kwa sababu bila hilo makosa yangu hayaeleweki.

Nilizaliwa Meru, kwenye miteremko ya Nyambene, ambako miraa ni miti ya mababu. Baba yangu alikuwa na miti aliyoachiwa na baba yake, na alituonyesha ule wa kwanza kama mtu anavyoonyesha kaburi la jamaa. Mume wangu alipokuja kuniposa, watu wake walifundishwa kuleta fungu la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Fungu lile likipokelewa, mambo yameanza vizuri, likikataliwa, nendeni. Wazee wakigombana juu ya mpaka wa shamba, ni fungu kama hilo lililowekwa katikati yao kabla mtu hajafungua kinywa. Basi mimi nilikua nikijua kwamba pombe huleta matusi na jani huleta amani. Baba alinifundisha kufunga, ingawa nilikuwa msichana, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Unakunja jani la mgomba mara mbili, unapitisha kamba chini, fundo linakaa ubavuni, halionekani.

Nikaolewa huku Mbeere, upande wa Gachoka, kwenye joto. Nimezaa huku, nimezika mume huku, nimekuwa mzee wa kanisa huku, na bado naitwa Mmeru. Zamani tulipanda mtama, kunde na ndengu, na mvua ikikosa tunakosa pamoja. Siku hizi karibu kila shamba lina muguka. Ni ndugu yake miraa, ila huku watu hawachukui vijiti, wanachuma vichipukizi laini na kuvitia ndani ya mifuko ya plastiki. Unastahimili ukame. Umesomesha watoto na umejenga nyumba. Nusu ya mabati ya kanisa letu yametoka kwenye muguka, na mimi ndiye niliyesimama siku ya mavuno nikawashukuru wakulima kwa sadaka yao.

Mjukuu wangu alianza kuchuma akiwa na miaka minane. Asubuhi kabla ya shule, jua halijatoka vizuri, watoto wote wa mtaa wamo mashambani, vidole vimekuwa rangi ya kahawia kwa utomvu. Lakini tulikuwa na sheria. Jani ni la mkono, si la mdomo. Mtoto akikutwa anatafuna anachapwa. Kutafuna ni kwa watu wazima. Sheria hiyo tuliiona nzuri sana, wala hatukujiuliza mtoto anaisikia vipi. Anaisikia hivi: siku nitakapokuwa mtu mzima, nitatafuna.

Katika darasa langu la kipaimara nilikuwa na orodha. Pombe, sigara, bangi, uasherati. Watoto waliinakili kwenye madaftari. Mwaka mmoja kijana aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza, "Na muguka, mwalimu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami nilitabasamu. Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ya mikono ya wazazi wenu. Iheshimuni." Nikaendelea na somo.

Siku ya nane tangu tohara, wazee walikuja kumbariki kijana. Aliyewaongoza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye kichwa cha ukoo. Ni mtu wa utani mwingi. Alinijia jikoni na kikapu cha muguka mbichi.

"Mmeru," akaniita, "leo ni siku ya heshima. Sisi Wambeere tunabeba muguka kama sukari ya dukani. Hebu tufungie kama kwenu, kijana aone kwamba amepewa kitu."

Nilifurahi, na silifichi jambo hilo. Zaidi ya miaka hamsini huku, na hatimaye kitu cha kwetu kimeombwa. Nilikwenda kwenye migomba yetu mitatu, ile inayokunywa maji ya bafuni kwa sababu kwingine ni kukavu, nikakata majani, nikayapasha moto kidogo yalainike. Nikafunga mafungu. Vidole vilikumbuka. Shemeji akaniomba niombe, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Nikaweka mikono yangu juu ya mafungu yale na nikamwomba Mungu ambariki kijana na kila atakachopewa siku ile.

"Amina," wakasema wazee. Mmoja akaongeza, "Sasa hata mbinguni wametia sahihi," wakacheka.

Nyama ilipokatwa, shemeji alinipa kipande ambacho wanawake hawapewi. Nilisita. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Kula! Wewe uliacha kuzaa zamani. Si mwanamke tena, ni mzee mwenzetu." Wakacheka tena, nami nikacheka, nikala. Kisha mafungu yakapelekwa chini, kwenye chumba cha mabati, na mimi nikarudi kuosha sufuria.

Sahani ya kwanza ilirudi nusu siku ya tisa. Nilifikiri ni nyama ya jana imemshibisha. Siku ya kumi githeri ilirudi kama ilivyokwenda, imekauka juu. Siku ya kumi na moja sahani zilirudi safi kabisa, mkamwana wangu akashusha pumzi. "Amerudi kwenye hali yake," akasema.

Lakini mimi nilimwona mbwa.

Tulikuwa na mbwa mwekundu, mbavu nje, ambaye alikuwa akilala karibu na chumba kile. Siku ile alipita uani akitembea polepole, tumbo limejaa, akajilaza kivulini bila hata kutazama mlango wa jikoni. Mbwa wa Gachoka asiyetazama mlango wa jikoni ameshiba, na aliyesafisha sahani ni yeye. Nilisimama na mwiko mkononi, nikahesabu siku.

Mtu yeyote aliyekulia Nyambene anajua maana ya chakula kisicholiwa. Jani linafunga tumbo. Baba yangu alikuwa akitafuna siku za wageni, na siku hizo mama hakumpakulia. Lakini baba alikuwa mzee mwenye mifupa migumu, na alitafuna mchana mmoja akaacha. Huyu ni mtoto mwenye kidonda, na sasa ni siku tatu.

Nikakumbuka kijana wa barabarani. Hapa kwetu watu wote wanamjua. Alikuwa wa kwanza darasani. Sasa anatembea kutoka sokoni hadi kwenye daraja na kurudi, amevaa koti zito juani, akizungumza na mtu asiyeonekana, akisimama kumngoja ajibu. Watu wanampa chai. Wanasema amerogwa. Hakuna anayeuliza alikuwa akitafuna nini na tangu lini, kwa sababu kila anayempa chai ana shamba la muguka.

Nilimwendea shemeji, nikamkuta akirekebisha ua. Nikamweleza habari za sahani na mbwa.

"Shemeji, wewe unapima mtu kwa mbwa?" akasema. "Kijana anajifunza. Ataacha."

"Hajala siku tatu."

"Basi hiyo ni damu ya kwenu. Sisi huku tunauza. Ninyi ndio mnakula mpaka meno yanabadilika rangi. Mtoto amechukua kwa nyanya yake."

Alisema kwa utani, lakini utani ule ulikuwa na mfupa ndani. Nilirudi nyumbani nikampigia simu kaka yangu, ambaye ana duka Makutano, Meru mjini. Kelele za magari zilikuwa nyingi, ikabidi nipaze sauti.

"Muguka!" akafoka. "Si nilikwambia? Miraa yetu haimfanyi mtu hivyo. Miraa ni ya watu wenye heshima. Hiyo takataka ya Mbeere inawamaliza watoto. Mtoto angeletwa huku kutahiriwa kiume."

"Na huku kwenu vijana hawatafuni?"

Lori lilipiga honi nyuma yake. "Wanatafuna," akasema. "Hata huyu wangu mdogo. Lakini si kama huko."

Nilikata simu. Nilikaa kitandani nikaona kwamba kila upande ulikuwa na jani lake safi, na jani chafu lilikuwa la jirani. Mjukuu wangu alikuwa na damu ya pande zote mbili, na hakuna upande uliokuwa unakwenda kumtoa.

Nilisali. Nilisali kama nilivyozoea, kwa subira, nikimkabidhi Mungu mtoto. Lakini maneno yalikuwa yakigonga mahali na kunirudia. Kila nilipofumba macho niliona mikono yangu juu ya yale mafungu, na nikasikia sauti yangu ikisema kila atakachopewa.

Siku ya kumi na mbili nilipeleka uji mwenyewe. Nikauweka jiweni, nikaita, na sikugeuka. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa chumba. Nikasikia sauti ikizungumza haraka haraka, bila kupumzika, kama redio iliyoachwa. Nilifikiri ni mgeni. Nilisimama muda mrefu kabla sijatambua kwamba ni mjukuu wangu, yule mtoto wa maneno machache.

Niliogopa vitu vitatu kwa pamoja: kwamba nikiingia nitamharibia mtoto, atachekwa maisha yake yote kwamba nyanya alimfuata jandoni, kwamba ukoo utasema Mmeru amevunja nyumba, na kwamba nikifungua mlango nitamkuta mtoto amekuwa kama yule wa koti. Hofu ya tatu ndiyo iliyonisukuma mbele, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mlezi alitoka kunizuia. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imekauka.

"Shosho," akaniita, kama vijana wanavyowaita nyanya zao, "huku si kwako. Rudi."

"Mimi si mwanamke," nikasema. "Wazee walishuhudia siku ya baraka. Nimekula nyama yao. Nenda ukawaulize, na mlango uuache wazi."

Aligeuza macho upande wa nyumbani kuwatafuta wazee. Nikampita.

Ndani kulikuwa na joto la mabati na harufu chungu ya majani. Sakafu ilikuwa ya kijani. Kulikuwa na mifuko mitupu ya plastiki, maganda ya njugu, karatasi za chingamu. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa pembeni, shavu moja limevimba kama la mtu mwenye jino bovu. Mikono yake ilikuwa inachuma. Hakukuwa na kitu cha kuchuma, lakini vidole vilikuwa vinakwenda hewani, tip, tip, kama asubuhi shambani.

Alinitazama. Kwa muda nilioweza kuvuta pumzi tatu, hakunijua.

"Shosho, funga mlango," akasema hatimaye. "Sikia, nitanunua lori, si moja, mawili, moja la Mombasa, moja la Nairobi, na wewe nitakujengea nyumba ya mawe, choo ndani, usipaze sauti, wako nyuma ya mabati, wanahesabu, tangu jana wanahesabu."

"Nani, baba?"

"Wale. Wakimaliza kuhesabu watanichukua."

Nimezika mume na watoto wawili, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa neno lile. Nilikaa chini, pale pale juu ya majani. Karibu na mguu wangu kulikuwa na jani la mgomba lililonyauka, limekunjwa mara mbili, fundo ubavuni. Lilikuwa halijatupwa. Walikuwa wamelitundika kwanza ukutani, kwenye msumari, kisha likaanguka. Kazi ya vidole vyangu.

"Nani alimpa baada ya mafungu yale kuisha?" nikamuuliza mlezi.

"Si kupewa, shosho. Shamba ni hili hapa nje. Alichuma mwenyewe, akasema yameombewa." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mimi nilimwambia achane jani, yaani atafune kidogo tu, apate stimu, asisikie maumivu. Mimi nilipotahiriwa nilifanyiwa hivyo hivyo. Sijui kingine cha kumfundisha."

"Mbona hukuja kuniambia kwamba hapati usingizi?"

Aliinamisha kichwa. "Shosho, unakumbuka yule aliyeuliza habari ya muguka darasani? Ni mimi."

Sikuwa nimekumbuka uso wa aliyeuliza. Nilikumbuka swali tu, na kicheko.

"Nilikuwa nauliza kweli," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuogopa, nilikuwa silali. Ulivyojibu, wenzangu wakasema, umeona? Siku ile ile tulichana jani darasa zima, nyuma ya tangi la maji la kanisa."

Nilimwambia, "Nisamehe," na sauti yangu ilikuwa ndogo. Kisha nikamwambia akimbie zahanati amlete tabibu.

Tabibu alikuja kwa pikipiki. Alikuta kidonda kimefunguka upya kwa sababu ya kuchuchumaa na kutolala. Akakisafisha, akapima mapigo ya moyo mara mbili, na uso wake haukunipendeza. "Maji, uji, na alale," akasema. "Jani lisiingie tena humu. Kufikia kesho mchana akiwa hajalala na bado anasikia watu, tunampeleka Embu hospitali, mila au si mila."

Basi nilikaa. Mkamwana wangu aliketi nje, upande wa pili wa jiwe, mahali anaporuhusiwa, akilia kimya na kutupitishia vikombe. Mimi nilimshika mtoto mikono yote miwili ili vidole viache kuchuma. Vilikuwa vinagongagonga ndani ya viganja vyangu kama kifaranga. Kila alipotazama mabati, nami niliyatazama. Na niseme ukweli, mimi mwenye imani, kuna wakati nilitega sikio nisikie kama kuna wanaohesabu.

Shemeji alifika jioni jua likielekea kuzama, fimbo mkononi. Alisimama mlangoni.

"Umeingia."

"Nimeingia."

"Mwanamke ameingia jandoni katika boma langu!"

"Ulisema mimi si mwanamke," nikasema. "Ulisema mbele ya wazee. Kama ulikuwa unatania, njoo umwambie huyu mtoto kwamba na fungu lile lilikuwa utani."

Alifungua mdomo. Wakati huo mjukuu wangu akamgeukia na kumwambia kwa haraka, kwa heshima kubwa, "Babu, usisimame hapo, utahesabiwa." Nikaona uso wa shemeji ukibadilika. Fimbo ikashuka. Alimtazama mtoto, akazitazama zile safu za muguka nje, ambazo nyingi ni zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Alikaa kwenye kizingiti. Hakuondoka mpaka asubuhi.

Mtoto alilala siku iliyofuata karibu saa sita mchana, katikati ya sentensi. Nilidhani amekufa, nikaweka sikio kifuani. Alilala mchana ule wote na usiku wake. Alipoamka hakusema habari za lori. Alitazama mikono yake, akanitazama, akaanza kulia kwa aibu, nami nikasema, "Asante, Bwana," kwa sababu aibu ni ya mtu aliyerudi. Alikula vijiko vinne vya uji. Jioni alikula nusu sahani ya ndengu. Nilikuwa nimemfunga mbwa.

Baba yake alikuja Jumamosi. Alitaka kumpiga mlezi, nikamkataza. Yule kijana naye tulimpikia, akawa analia akila. Wakatoka jandoni pamoja bila sherehe kubwa, na shemeji akawanyoa yeye mwenyewe.

Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Sikuhubiri. Nilisema kwamba nilikuwa na orodha yangu ya dhambi, na kwamba niliiacha wazi mahali pamoja kwa sababu ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu. Nilisema nilifunga fungu kwa mikono yangu na kuliombea. Nikaeleza habari za sahani. Juu yetu bati lililia kwa joto. Nikakaa.

Nje, mwanamume mmoja aliniuliza kwa upole, "Mzee, sasa unataka tulime nini? Mawe?" Muguka ungali shambani kwetu. Ada ya mjukuu wangu inatoka humo. Nilichoweza ni kusema asichume tena, na asubuhi nachuma mimi mahali pake, mgongo ukiniuma. Mtu mwingine alinipita bila salamu. Lakini mwanamke mmoja wa rika la mkamwana wangu alinishika mkono nyuma ya tangi la maji, akainamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Zangu zilirudi zimejaa mwaka juzi," akasema. "Nikadhani nimepika vibaya."

Aliniachia mkono akaenda zake. Nikakumbuka ni mama wa nani. Nilimwona mwanawe barabarani wiki ile, na koti lake.

Mjukuu wangu alikwenda sekondari akiwa amechelewa siku tisa. Mlezi ameacha, anarudia, anaacha tena. Huja kwangu siku anazorudia, anakaa jikoni, nampa chai bila kumuuliza. Darasa la kipaimara bado nafundisha. Mtu akiinua mkono nyuma, nangoja kicheko kiishe kwanza, kisha namwambia arudie swali.

Likizo ya Aprili mtoto alikuja nyumbani. Amerefuka. Anazungumza kidogo kama zamani. Mama yake alimpakulia kilima cha githeri, akala, akasogeza sahani. Ilikuwa na chakula kimebaki pembeni, kiasi cha mkono mmoja.

Alinikamata nikiitazama.

"Shosho," akasema taratibu, "nimeshiba tu."

"Najua, baba," nikamwambia. "Pumzika."

Nilimwamini. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa moyo wote. Kisha nikatoka nje kumtafuta mbwa, nimtazame mbavu.